Dawa ya joto la bati kwenye chumba cha mazoezi

Najinoa kwa ajili ya kupanda miamba ya Liuli, ile ambayo Wajerumani waliiona kama Sphinx wakaiita bandari yake Sphinxhafen. Mazoezi nayafanyia nyumbani Kigonsera, kwenye chumba cha tofali za kuchoma kilichoezekwa bati. Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, bati hilo ni balaa. Kiganja kikilowa jasho, ubao wa kuning'inia unateleza; unakaza mshiko kupita kiasi, na kano za vidole ndizo zinazoumia.

Anza na paa. Hewa ya moto hupanda juu, na mpandaji yuko huko huko juu, uso karibu na bati. Nilitandika mianzi iliyopasuliwa juu ya boriti kuwa dari, nikaacha nafasi kati yake na bati, kisha nikatoboa matundu kwenye kuta mbili zinazotazamana, juu kabisa, joto lipate pa kutokea. Yazibe kwa wavu, maana popo hawachelewi. Kama dari ni gharama, paka bati rangi nyeupe kwa nje. Chokaa pia inasaidia, ila mvua huiosha.

Madirisha nafunga mchana na kufungua jioni hadi asubuhi. Majirani hushangaa, lakini tofali nene likipoa usiku hukaa na ubaridi wake muda mrefu. Huku kwetu mwinuko unatusaidia, usiku unapoa kweli. Mbamba Bay, chini kule kando ya Ziwa Nyasa, usiku wenyewe una joto. Huko ningetegemea zaidi upepo wa ziwa.

Feni iwekwe dirishani ikitazama nje, jua likishatua, na dirisha la upande wa pili liwe wazi. Itatoa hewa ya moto badala ya kuizungusha humo humo.

Kunyunyizia maji sakafuni kunafaa hewa ikiwa kavu tu. Mvua zikianza, acha: unyevu utabaki chumbani na viganja havitakauka hata kwa chaki. Na chaki iwe ya wapandaji, ya magnesiamu kaboneti. Ile ya ubaoni haikaushi jasho hivyo.

Mazoezi mazito ya vidole yafanye saa kumi na moja alfajiri. Jioni bado kuta zinatema joto la mchana, kwa hiyo muda huo nauachia miguu na tumbo.