Wajumbe Watatu Wanaobana Mishipa ya Damu

Mhamasishaji wa afya ya jamii anapofika nyumbani na mashine ya kupima presha, atakuomba kwanza uketi utulie dakika 5. Hakuchelewesha bure. Ukipimwa mara tu baada ya kupanda mlima au kukimbilia matatu, mashine itasoma kazi ya neva zako wakati huo, si presha yako ya kawaida.

Neva hizo huitwa neva za simpathetiki. Hutoka kwenye uti wa mgongo na kufikia karibu ateri zote, hata zile ndogo sana. Kuta za ateri zina misuli. Misuli ikijikaza, mshipa huwa mwembamba na presha hupanda. Ikilegea, damu hupita kwa wepesi. Unapoinuka kitandani, nusu lita ya damu au zaidi huteremka kuelekea tumboni na miguuni. Neva hizi zisipobana mishipa ndani ya sekunde chache, utaona kizunguzungu na hata kuanguka.

Kwa miaka mingi ilifundishwa kuwa neva hizi hutumia kemikali moja tu, noradrenalini, ambayo Ulf von Euler wa Uswidi aliitambua mwaka 1946. Mwaka 1976, Geoffrey Burnstock alitoa hoja kuwa neva moja yaweza kutoa kemikali zaidi ya moja. Wengi walimtilia shaka. Leo inajulikana kuwa wajumbe ni watatu: ATP, noradrenalini na nyuropeptaidi Y, kwa kifupi NPY.

ATP ni ile ile ambayo mwanafunzi wa biolojia huijua kama nishati ya seli. Ikitolewa na neva huwa ujumbe: huukaza msuli haraka, kisha athari yake hupotea upesi. Noradrenalini huja polepole kidogo na kuudumisha mkazo huo. NPY hutolewa hasa neva zinapofanya kazi kwa kasi, kama wakati wa hofu au kazi ngumu, nayo huchelewa kuanza na huchelewa kuondoka. Katika mishipa mingi haina nguvu kubwa ikiwa peke yake, lakini huizidishia noradrenalini makali. Ajabu ni kwamba NPY hiyo hiyo huiambia neva iliyoitoa ipunguze kumwaga kemikali. Anayechochea moto ndiye pia anayeondoa kuni.

Kwa mgonjwa wa presha, haya si mambo ya darasani tu. Dawa kama prazosini huzuia noradrenalini isiufikie msuli, lakini ATP na NPY zina njia zao. Hata hivyo, wajumbe wote watatu huukaza msuli kwa kuongeza kalsiamu ndani yake, na amlodipini, ambayo wagonjwa wengi hupewa, hupunguza kalsiamu inayoingia. Dawa hizi mbili hazifanyi kazi mahali pamoja, kwa hiyo usiazime tembe za jirani kwa sababu tu naye ana presha.

Kuna pia vitu vinavyozichokoza neva hizi. Kathinoni, kemikali iliyo katika miraa na muguka, husukuma noradrenalini itoke hata mwili usipoihitaji. Sudoefedrini, iliyomo katika baadhi ya dawa za mafua, hufanya hivyo pia. Hubana mishipa ya pua ili pua izibuke, lakini haibagui. Mishipa mingine nayo hubanwa. Ukienda duka la dawa kununua ya mafua, mwambie mfamasia kwamba una presha kabla hajakuchagulia.

Suala la kuacha dawa ghafla ni zito zaidi. Klonidini, kwa mfano, hutuliza neva hizi kutoka kwenye ubongo. Ikikatizwa ghafla, neva hurudi kwa kishindo, na ndani ya siku chache presha yaweza kupita ilivyokuwa kabla ya matibabu. Zikibaki tembe za wiki moja, nenda kituo cha afya ukaongezewe.