Umeambiwa una sukari na macho yana ukungu? Usikimbilie miwani

Shangazi yangu ni fundi cherehani. Mwaka jana, kwa wiki kadhaa, alikuwa anapanda daladala kwa kutazama rangi ya mstari ubavuni, maana maandishi ya mbele hayakusomeka tena. Akajua ni umri. Kumbe kiu ya usiku, kukojoa mara nne mara tano kabla ya alfajiri na macho kuingia ukungu, yote yalikuwa jambo moja. Zahanati walipompima, mashine ilionyesha 21. Akaanzishiwa dawa. Siku ya kumi alinipigia simu akiwa na hofu kubwa kuliko siku ile ya majibu: daladala sasa anaisoma tangu mbali, lakini uzi haupiti kwenye tundu la sindano.

Kama umepewa majibu kama yake juzijuzi na macho yanakubadilikia hivi, haya ndiyo ningependa tungeambiwa mapema.

1. Miwani isubiri

Sukari ikiwa juu kwa muda mrefu, huingia hata kwenye lenzi ya jicho na kugeuka kuwa aina nyingine ya sukari inayovuta maji. Lenzi inavimba, umbo lake linabadilika, na vya mbali vinaingia ukungu. Dawa zikianza kazi, sukari inashuka na maji yanatoka. Lenzi inabadilika tena, safari hii kuelekea upande wa pili, na wengi hushindwa kuona vya karibu. Ndiyo sababu ya ule uzi wa shangazi kugoma.

Ukipimwa miwani katikati ya mabadiliko hayo, unapimiwa jicho ambalo mwezi ujao hutakuwa nalo. Shangazi alishalipia yake. Alivaa wiki tatu, kisha ikaanza kumuuma kichwa. Subiri sukari itulie, kwa kawaida wiki sita hadi nane, wengine hufika miezi mitatu, ndipo upime. Kama kazi yako haiwezi kungoja, muulize mtaalamu wa macho kuhusu miwani ya kusomea ya bei ndogo ya kushikilia kwa muda.

2. Dawa usiiache, hata ukiona imekuletea ukungu

Hapa ndipo ninapoogopa zaidi. Mtu anaanza dawa Jumatatu, wiki inayofuata macho yamebadilika, na jirani ana jibu tayari: "Hizo dawa zitakupofusha." Kesho yake kuna chupa ya mizizi mezani na vidonge viko kabatini.

Insulini ndiyo inayosingiziwa kuliko zote. Watu wamemwona mgonjwa akianzishiwa sindano, na baada ya muda akapoteza macho. Hawakuona miaka aliyokaa na sukari ya juu kabla ya sindano hiyo. Ukungu wa siku za mwanzo wa matibabu kwa kawaida hupita wenyewe. Ukiacha dawa, sukari inarudi juu, lenzi inavimba upya, na nyuma ya jicho madhara yanaendelea kimyakimya.

Kama dawa yako ni vidonge vya metformin na vinakusumbua tumbo, meza pamoja na chakula na mweleze daktari. Dozi inaweza kuanzia chini ikapandishwa taratibu.

3. Retina ipimwe sasa, hata ukungu ukiisha

Ukungu unaokutisha leo mara nyingi ni wa lenzi, na lenzi itatulia. Ugonjwa unaopofusha uko nyuma zaidi, kwenye retina, na mwanzoni hauna dalili yoyote: hakuna maumivu, hakuna wekundu, na unasoma gazeti vizuri tu.

Katika utafiti mkubwa wa Uingereza ulioitwa UKPDS, uliochukua watu waliogundulika na kisukari aina ya pili kuanzia mwaka 1977, zaidi ya theluthi moja walikutwa tayari wana dalili za madhara kwenye retina, na ndiyo kwanza wanaambiwa wana sukari. Aina ya pili huweza kukaa mwilini miaka bila kujulikana. Kwa hiyo mwenye aina hii anapaswa kupimwa retina mara tu anapogundulika. Mwenye aina ya kwanza hupimwa ndani ya miaka mitano. Mwenye kisukari akishika ujauzito asisubiri zamu yake, apimwe katika miezi mitatu ya mwanzo, kwa sababu mimba huweza kuharakisha madhara hayo.

Ipo sababu nyingine ya kuwahi. Kama retina imeshaathirika, sukari iliyokuwa juu sana ikishushwa kwa kasi inaweza kuitibua zaidi kwa muda. Dawa inaendelea vilevile, ila daktari akijua hali ya retina yako atakufuatilia kwa karibu.

Ukifika, tamka neno "retina". Kusoma herufi ukutani kwenye duka la miwani si kipimo hiki. Hapa utatiwa matone ya kupanua mboni, utakaa nusu saa hivi, kisha daktari atamulika ndani au utapigwa picha ya nyuma ya jicho. Baada ya hapo mwanga wa jua utakuchoma na maandishi ya karibu hayatasomeka kwa saa kadhaa. Nenda na kofia na mtu wa kukushika mkono, na pikipiki iache nyumbani. Hospitali za KCMC kule Moshi, CCBRT Dar es Salaam na Kikuyu nchini Kenya zinafanya kazi hii, na kliniki yako ya sukari inaweza kukuelekeza palipo karibu.

Madhara yakionekana mapema kuna mionzi ya leza na sindano za ndani ya jicho. Kazi yake kubwa ni kulinda uoni ulionao. Kurudisha uliopotea ni vigumu zaidi.

4. Andika namba, na andika macho

Shangazi alichukua daftari la vipimo vya wateja, akageuza nyuma. Kila asubuhi aliandika sukari kabla ya kula, kisha akasimama mlangoni na kusoma kalenda ya ukutani, jicho moja moja: "kulia nasoma tarehe, kushoto nasoma mwezi tu". Daktari alilisoma daftari lile kwa muda mrefu kuliko alivyosoma kadi ya kliniki.

Angalia pia mashine yako inahesabu vipi. Nyingine huonyesha 7, nyingine 126, na ni kiwango kilekile. Zidisha namba ndogo kwa 18 utaipata kubwa.

5. Ukungu wa ghafla wenye jasho na kutetemeka

Huo ni tofauti. Sukari imeshuka mno, hasa kama unatumia insulini au vidonge vya glibenclamide. Pima, na ikiwa chini ya 4 kwa mashine ya namba ndogo, au huna mashine, kunywa maji yenye vijiko vinne vya chai vya sukari, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Pima tena baada ya dakika 15. Aliyezimia asinyweshwe chochote, apelekwe hospitali.

6. Presha nayo

Katika UKPDS hiyohiyo, matokeo ya mwaka 1998 yalionyesha kwamba wagonjwa waliodhibitiwa presha kwa ukaribu walipunguziwa hatari ya uoni kuporomoka kwa asilimia 47. Kwa hiyo siku ya kliniki usikubali kuondoka umepimwa kidole tu. Mkono nao ufungwe kile kitambaa. Na sigara, tafadhali, iache.

7. Haya hayangoji wiki sita

Jicho moja kupoteza uoni ghafla. Vidoa vyeusi vingi vinavyoelea, mimuliko kama radi, au kivuli kinachoshuka kama pazia. Jicho jekundu lenye maumivu makali. Au ukungu unaokuja pamoja na kutapika, kuhema kwa nguvu, usingizi usio wa kawaida na pumzi yenye harufu ya matunda. Ni hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

8. Usitoke bila tarehe

Wiki ya nane shangazi alipimwa upya. Miwani ya mbali aliyoinunua haikuhitajika kabisa. Alipewa ya kusomea tu, ya umri wake. Kwenye retina walikuta vijidoa vichache vya damu katika jicho la kushoto, vya kufuatiliwa, bado si vya kutibiwa. Ukiambiwa retina ni safi, omba tarehe ya mwakani. Yeye amepewa miezi sita, na karatasi ya miadi ameibana kwa pini juu ya cherehani, mahali anapotazama kila anapotunga uzi.