Lakabu ya Birika: Safari ya Mhandisi Bernard Dudot

Lakabu hubeba hukumu ya jamii, lakini hukumu hiyo yaweza kutenguliwa. Mfano mwafaka ni Bernard Dudot, mhandisi Mfaransa wa Renault aliyeendeleza injini za tabo. Katika injini hizo, moshi unaotoka huzungusha mapanga yanayosukuma hewa zaidi ndani ya silinda. Ndipo injini ya lita 1.5 ikathubutu kushindana na za lita 3.

Mwaka wa 1977, gari la Renault liliingia katika mbio za langalanga za Formula 1 huko Silverstone, Uingereza. Tabo iliharibika, gari halikumaliza. Kwa rangi yake ya manjano na mazoea ya kufuka moshi, Waingereza waliliita "birika la manjano".

Dudot hakukata tamaa. Tarehe 1 Julai 1979, Jean-Pierre Jabouille alishinda huko Dijon, Ufaransa; huo ukawa ushindi wa kwanza wa tabo katika Formula 1. Tangu 1983 hadi 1988, kila bingwa wa dunia aliendesha gari la tabo.

Lakabu ile haikufutika. Maana yake ndiyo iliyogeuka. Basi tuchambuapo lakabu katika fasihi, tusiulize tu nani aliyeibuni, bali pia aliyepachikwa aliijibu vipi.