Data Ipo, Programu Imelala

Wiki mbili nilihangaika na draiva ya mradi wangu wa mwaka wa mwisho. Programu inauliza kwa mwito wa poll kama kuna data, keneli ya Linux inailaza isubiri, halafu mara nyingine haiamki. Nikisoma moja kwa moja, data ipo! Kumbe kosa ni mpangilio: nilikagua bafa kwanza, ndipo nikaiandikisha programu kwenye foleni ya kusubiri. Data ikiingia katikati ya hatua hizo mbili, kengele inalia foleni ikiwa tupu. Nikageuza: andikisha kwanza, kisha kagua. Ikapona. Mwenzangu, ukikutana na hitilafu hii usiulize tu, "Data ipo?" Uliza pia, "Ikifika, nani ataamshwa?"