Je, Serikali Ishike Ufunguo wa Kila Kufuli?

Liko neno moja ambalo watu wengi hulisema upesi bila kulipima: "Mimi sina la kuficha, serikali ikitaka kusoma maneno yangu, na isome." Neno hili lasikika kuwa neno la mtu mwema, na wengi wa wale walisemao ni watu wema kweli. Lakini ndani yake mna swali kubwa, ambalo kwa miaka zaidi ya 30 sasa limewagombanisha wakuu wa polisi, mahakimu, mafundi wa kompyuta na wabunge wa Marekani na Ulaya. Swali lenyewe ni hili: Je, yafaa sheria iwalazimishe watengenezaji wa simu waweke ufunguo wa akiba, ili polisi waweze kufungua maneno ya mtu yeyote waonapo haja? Leo twataka kulichambua swali hili pamoja na wasomaji wetu hatua kwa hatua, kwa kuwa simu zinazogombaniwa huko ndizo hizo hizo tulizo nazo mifukoni mwetu.

Jambo lenyewe ni nini

Kwanza tuelewe kazi inavyofanyika. Barua ya posta hulindwa na bahasha, na bahasha aweza kuichana mtu yeyote. Ujumbe mwingi wa simu wa siku hizi hulindwa kwa hesabu. Kabla haujatoka katika simu ya mwandikaji, maneno yake huvurugwa kwa ufunguo wa tarakimu nyingi, hata yakawa kitu kisichosomeka. Nayo hurudi kuwa maneno katika simu ya mpokeaji tu. Wataalamu huiita kazi hiyo usimbaji. Kampuni inayouchukua ujumbe huo njiani haishiki ila fumbo. Tangu mwezi wa Aprili 2016, WhatsApp imewawekea ulinzi huo watumiaji wake wote, yule wa London sawasawa na yule wa Mombasa au Kigoma.

Lakini tuangalie vema: kinachofichwa ni maneno. Nani amempigia nani, saa ngapi, na simu yake ilikuwa karibu na mnara upi, mambo hayo kwa kawaida kampuni za simu huyajua, na polisi huweza kuyapata kwa njia ya sheria. Kwa hiyo si kweli kwamba polisi wameachwa gizani kabisa. Ugomvi ni juu ya maneno yenyewe.

Hoja ya wenye kutaka ufunguo

Si haki kulihukumu shauri kwa kusikia upande mmoja. Tarehe 2 Desemba 2015, katika mji wa San Bernardino huko California, mume na mkewe waliwaua kwa bunduki watu 14 na kuwajeruhi 22, kisha wao wenyewe wakauawa na polisi. Wapelelezi walipata simu ya yule mume, iPhone aliyopewa na idara ya serikali alikofanya kazi. Simu ilikuwa imefungwa kwa namba ya siri, nayo iliweza kuwa imetegwa hivi kwamba mtu akikosea namba hiyo mara 10, yote yaliyomo yafutike. Tarehe 16 Februari 2016 hakimu akaiamuru kampuni ya Apple itengeneze programu ya kuiondoa kinga hiyo. Sheria iliyotegemewa ilikuwa ya mwaka 1789.

Nani asiyewaonea huruma ndugu wa wale waliouawa? Wenye kutetea upande wa serikali husema hivi: siku zote hakimu akitoa hati, polisi huingia nyumbani mwa mtu, hufungua kabati lake, na kusoma barua zake. Kwa nini simu peke yake iwe chumba ambacho sheria haifiki? Tena husema kwamba wako watu wanaowanajisi watoto wadogo na kupelekeana picha za uovu huo kwa njia hizi hizi zilizofungwa. Na kwa ajili ya watoto hao Tume ya Ulaya ilitoa pendekezo la sheria mwezi wa Mei 2022. Hoja hizi ni nzito. Mtu azichekaye hajazifikiri.

Apple ilikataa amri ile. Mkuu wake, Tim Cook, alieleza katika barua ya wazi kwamba programu hiyo ikiisha kutengenezwa, haitabaki kwa simu moja tu. Shauri halikufika mwisho. Tarehe 28 Machi 2016 serikali iliiondoa kesi, ikisema imekwisha kuyapata yaliyomo katika simu kwa msaada wa watu wengine. Hivyo mahakama haikupata nafasi ya kulijibu swali.

Yaliyotokea yatufundisha nini

Basi tusitegemee maneno matupu. Tuyatazame yaliyotokea mahali ambapo ufunguo wa akiba au mlango wa uani uliwekwa kweli.

Mfano wa kwanza. Mwezi wa Aprili 1993 serikali ya Rais Clinton ilitangaza chombo kidogo kiitwacho Clipper, kilichokusudiwa kutiwa ndani ya simu. Funguo zake zilikuwa zigawanywe vipande viwili na kutunzwa na idara mbili za serikali, ili idara moja peke yake isiweze kufungua kitu. Mpango ulionekana kuwa wa busara. Lakini mwaka 1994 Matt Blaze, mtaalamu wa kampuni ya AT&T, alionyesha kwamba mjanja angeweza kukitumia chombo hicho na huku akaizuia serikali isimsome. Maana yake, mwovu mwenye akili angepona, na mtu wa kawaida ndiye angebaki wazi. Baada ya miaka michache mpango ukaachwa.

Mfano wa pili watoka Ugiriki. Katika mitambo ya kampuni ya Vodafone ya huko ilikuwamo njia iliyotengenezwa ili serikali iweze kusikiliza simu kwa idhini ya sheria. Mwaka 2004 na 2005 watu wasio na idhini yoyote waliingia kwa siri katika mitambo hiyo, wakaiamsha njia ile, wakasikiliza simu zaidi ya 100. Mojawapo ilikuwa simu ya Waziri Mkuu mwenyewe, Kostas Karamanlis. Serikali iliwatangazia wananchi habari hiyo mwezi wa Februari 2006. Mlango uliowekwa kwa ajili ya serikali ukawa ndio mlango wa kuisikiliza serikali.

Mfano wa tatu ni wa juzi. Tangu mwaka 1994 sheria ya Marekani huzilazimisha kampuni za simu ziijenge mitambo yao hivi kwamba polisi wenye hati waweze kusikiliza. Mwezi wa Novemba 2024, idara ya upelelezi ya FBI na idara ya ulinzi wa mitandao zilitangaza kwamba wadukuzi wenye uhusiano na serikali ya China wameingia katika mitambo ya kampuni kadhaa za simu. Waliiba kumbukumbu za simu za wateja, wakayapata mazungumzo ya baadhi ya watu wa serikali na wa siasa, na kunakili habari zilizohusu maombi ya polisi yaliyotolewa kwa amri ya mahakama. China ilikana. Mwezi uliofuata, serikali ile ile ambayo kwa miaka mingi imelalamikia mafumbo ya simu, iliwashauri wakubwa wake watumie simu zenye mafumbo hayo. Wahenga walisema, mchimba kisima huingia mwenyewe.

Uamuzi wetu

Kutokana na mambo hayo twaona kwamba hati ya hakimu na ufunguo wa akiba si kitu kimoja, ingawa wengi huvichanganya. Hati hutaja mtu mmoja, mlango mmoja, na sababu yake. Kazi ikiisha, hati imekwisha. Ufunguo wa akiba hufungua kufuli la kila mtu, la mshukiwa na la asiyeshukiwa, leo na kesho. Hesabu haina macho. Haiwezi kutambua kama mkono ulioshika ufunguo ni wa polisi mwaminifu, wa karani aliyehongwa, au wa jasusi wa nchi ya kigeni. Tena serikali hubadilika. Ufunguo uliowekwa na watawala wema hurithiwa na wale wajao baada yao, nasi hatujui watakuwa watu wa namna gani.

Pengine msomaji atauliza: Je, polisi wakae bure? Hasha. Mwaka 2020 polisi wa Ufaransa na Uholanzi walipenya katika EncroChat, mtandao wa simu za siri uliotumiwa sana na wauza madawa ya kulevya; na mwezi wa Juni 2023 Europol ilitangaza kwamba watu 6,558 walikuwa wamekamatwa kwa ajili ya kazi hiyo. Hapakuhitajiwa sheria ya kudhoofisha simu za watu wote. Hata hivyo mawakili walibishana mahakamani juu ya namna ushahidi ule ulivyopatikana, na ni vema kwamba walibishana, kwa maana nguvu za polisi hazina budi kupimwa mbele ya hakimu.

Lakini tusijidanganye. Uamuzi huu una gharama. Utakuwako ujumbe wa mwovu ambao polisi hawatausoma kwa wakati, na mtu asiye na hatia ataumia kwa sababu hiyo. Asemaye kwamba faragha haina gharama asema uongo, kama vile asemavyo uongo yule adaiye kwamba ufunguo wa akiba utabaki daima katika mikono safi. Sisi twapima hasara mbili, na ile ya kuwaacha watu wote na makufuli mabovu twaiona kubwa zaidi. Uingereza ilikwisha kuionja. Mwanzoni mwa mwaka 2025 magazeti yalieleza kwamba serikali imeiagiza Apple kwa siri, kwa kutumia sheria ya mwaka 2016, itoe njia ya kufikia kumbukumbu za wateja wake. Tarehe 21 Februari 2025 kampuni iliacha kuwapa wateja wa Uingereza ulinzi wake wa juu kabisa wa kumbukumbu hizo. Waliopungukiwa ulinzi siku ile hawakuwa wahalifu peke yao; walikuwa madaktari, wafanyabiashara, na akina mama wenye picha za watoto wao.

Sasa turudi kwa yule asemaye hana la kuficha. Kwanza, siri si hatia. Mgonjwa ana siri na daktari wake, mume na mkewe, na karani mwaminifu anayetaka kufichua wizi wa mkubwa wake ana siri na yule anayempelekea habari. Pili, maneno yaliyomo katika simu yako si yako peke yako. Siri ya mtungi aijuaye kata; na wewe ndiwe kata ya mitungi mingi. Dada yako aliyekueleza shida ya ndoa yake, rafiki aliyekuandikia habari ya ugonjwa wake, hao hawakukupa ruhusa ya kusema kwa niaba yao, "Na isome."

Jambo hili latuhusu hata sisi. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 16, hulinda mawasiliano ya binafsi ya kila mtu, na papo hapo hukubali kwamba sheria iweke utaratibu wa kuyaingilia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 huilinda faragha ya mawasiliano katika ibara ya 31. Kwa hiyo mbunge aletapo mswada wa usalama wa mitandao, wananchi wana haki ya kumwuliza maswali matatu. Nani atatoa ruhusa ya kusoma maneno ya mtu: hakimu, au afisa peke yake? Ruhusa hiyo itamhusu mtu mmoja ajulikanaye kwa jina, au itafungua simu za watu wote? Na baada ya kazi kwisha, nani atakagua, na aliyeonewa apeleke wapi malalamiko yake? Mswada usioyajibu maswali hayo waziwazi, mbunge aurudishe ukatengenezwe.