SOMO LA WIKI: KUACHA JEMBE NA KUSHIKA BUNDUKI

Askari wa akiba ni mtu aliyekwisha kufundishwa kazi ya vita, kisha akarudi nyumbani kulima au kufanya biashara. Vita vikizuka, huitwa tena. Yeye, na yule ajiandikishaye kwa mara ya kwanza, wote wawili hupewa siku chache tu za kuagana na jamaa zao. Yafaa tujue siku hizo zitumiweje.

Katika Vita Kuu ya Pili, 1939 hadi 1945, Waafrika wa Kenya karibu laki moja waliingia jeshini. Wengi wao walikuwa wakulima, wachungaji na vibarua. Katika upande wa Mukurweini, ambako ndiko iliko Gakindu, alitoka Waruhiu Itote, aliyezaliwa Kaheti mwaka 1922. Alitafuta riziki Nairobi, na mwaka 1942 akajiunga na K.A.R., jeshi ambalo wengi waliliita Keya. Alivuka bahari mpaka Burma, akapigana upande wa Kalewa. Huko, mwaka 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki ilipita bonde la Kabaw katika mvua kubwa, matope na malaria.

Basi mwenye kuitwa atengeneze mambo matatu.

Kwanza, nyumba. Aseme waziwazi nani atapokea sehemu ya mshahara wake, na nani atamsomea mkewe barua. Mwaka 1943 njaa iliingia nchi ya Wakikuyu, ikaitwa Ng'aragu ya Mianga, yaani njaa ya mihogo. Askari aliyekuwa ng'ambo hakuweza kuleta hata kibaba kimoja. Waliobaki ndio waliobeba mzigo.

Pili, shamba na madeni. Mpaka wa shamba, mbuzi wa mahari waliobaki, na fedha alizokopa au kukopesha, yote yatajwe mbele ya wazee. Neno lisilo na shahidi huzaa kesi, na marehemu hawezi kujitetea.

Tatu, moyo. Ajiulize: naenda kupigania nini? Itote ameeleza katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1967 kwamba askari mmoja Mwingereza alimuuliza swali hilo huko vitani. Mwingereza alijua kuwa anaipigania nchi yake. Itote hakuwa na jibu la kumridhisha.

Swali hilo alirudi nalo. Alifanya kazi katika reli, akaingia chama cha K.A.U., kisha akaongoza wapiganaji katika msitu wa Mlima Kenya kwa jina la Jenerali China, akitumia maarifa ya vita vya msituni aliyoyapata Burma. Alikamatwa Januari 1954 na kuhukumiwa kifo. Hukumu ikabadilishwa kuwa kifungo, akafunguliwa mwaka 1962. Alifariki mwaka 1993.

Twaona basi ya kuwa sare na bunduki hurudishwa ghalani, lakini fikira alizozipata mtu vitani hubaki naye. Wazee walisema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ngama ya askari ni nyumba yake. Na aiache imara ili apate mahali pa kurejea.

Maswali ya kuzungumza barazani:
1. Katika mambo matatu haya, lipi husahauliwa upesi zaidi?
2. Jamaa wanaobaki wana wajibu gani kwa askari aliye mbali?
3. Je, yafaa mtu aende vitani bila kujua anapigania nini?