Kaktasi Isiyotaka Jangwa: Tuijue Ripsalisi na Kuitunza Bwenini

Mwambie mwanachuo yeyote kwamba una kaktasi chumbani, naye atakushauri: "Hiyo usihangaike kuimwagilia, itajitegemea." Kwa kaktasi za jangwani ushauri huo una mantiki. Kwa hii ninayotaka tuijadili, ni hukumu ya kifo. Jina lake la kitaalamu ni Rhipsalis baccifera. Mimi nitaiita ripsalisi. Ninayo dirishani, na wenzangu kadhaa wamechukua vipande kwangu. Maswali wanayorudi nayo ndiyo yamenifanya niandike. Hoja yangu ni moja: ukijua kwao mmea ni wapi na unaishije huko, kuutunza si kazi.

Inafananaje?

Mashina yake ni membamba kama tambi, ya kijani, yananing'inia kwa mafungu. Mjerumani Joseph Gaertner, aliyeipa jenasi hii jina mwaka 1788, alitumia neno la Kigiriki linalohusu fito za kusukia vikapu. Majani haina, shina lenyewe ndilo linalotengeneza chakula. Miiba ya kuchoma nayo huioni, ila mashina machanga huwa na vinyweleo laini. Maua ni meupe, hayafiki sentimita moja, na hutoka ubavuni mwa shina. Yakinyauka huja vitunda vidogo vyeupe kama lulu.

Usiichanganye na mnyaa. Mnyaa nao una vijiti vya kijani, na wengi huuita kaktasi, lakini ni jamii ya yuforbia. Ukivunjika hutoa utomvu mweupe kama maziwa, na ukiingia jichoni utajuta. Ripsalisi haina utomvu wa namna hiyo.

Kwao ni wapi?

Hapa ndipo penye utamu. Familia ya kaktasi ina spishi zaidi ya 1,400, na karibu zote asili yake ni mabara ya Amerika. Hata mpungate tunaouona kando ya barabara uliletwa na watu. Ripsalisi ndiyo ya pekee: inaota porini Amerika, na pia Afrika, Madagaska na Sri Lanka. Tanzania imo katika misitu ya milima kama Usambara na Uluguru.

Ilivukaje bahari? Wapo wanaosema ndege walibeba mbegu, maana zimo ndani ya ute unaonata. Wengine wanawataja mabaharia. Wanaopinga hoja ya mabaharia husema kwamba ripsalisi za Afrika zina kromosomu maradufu ya zile za kawaida za Amerika, dalili kwamba zimekaa huku muda mrefu sana. Mwanafunzi wa baiolojia anayetafuta mada ya utafiti, hiyo hapo.

La kwetu leo ni namna inavyoishi. Ripsalisi huota juu ya matawi ya miti mikubwa. Si kimelea, hainyonyi mti. Inajishikiza tu kwenye kuvumwani na majani yaliyooza. Inapata mvua na ukungu mara kwa mara, lakini maji hayatuami mizizini. Jua inalipata likiwa limechujwa na majani. Kanuni zote za utunzaji zinatoka hapo.

Namna ya kuitunza

Kupanda. Kata kipande cha shina cha sentimita 10 hivi. Kiache kivulini siku mbili tatu kidonda kikauke, kisha kichomeke sentimita mbili udongoni. Weka vipande vitano sita pamoja ili chombo kijae mapema.

Chombo na udongo. Si lazima usubiri bumu ndiyo ununue chungu. Kopo la rangi lililosafishwa linatosha, mradi ulitoboe matundu chini. Udongo mtupu wa bustani hushikamana na kuozesha mizizi. Changanya nao makumbi ya nazi yaliyochambuliwa na vipande vya mkaa, kila kimoja kiasi sawa.

Maji. Usifuate kalenda, fuata kidole. Kichomeke udongoni, sentimita mbili za juu zikiwa kavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Dar es Salaam wakati wa joto inaweza kuwa mara mbili kwa wiki. Mbeya wakati wa baridi, pungufu ya hapo. Mashina yakisinyaa, gusa udongo kwanza: ukiwa mkavu, ina kiu, ukiwa umelowa, mizizi inaoza, na kuongeza maji ni kuimaliza.

Mwanga. Dirisha linalopata jua la asubuhi ndilo bora. Jua la saa sita hugeuza mashina kuwa mekundu au ya njano.

Maua. Kipindi cha kipupwe, Juni hadi Agosti, punguza maji kidogo na usiweke mbolea. Mapumziko hayo husaidia mmea kutoa maua. Ukiona vitone, usiuhamishe hamishe, vitapukutika.

Wadudu. Vidung'ata huonekana kama pamba kwenye maungio. Wafute kwa pamba yenye spiriti.

Tusiivune msituni

Nimewahi kuulizwa kama mtu akienda ziara ya masomo milimani anaweza kurudi na fungu lake. Jibu langu ni hapana. Misitu mingi ile ni ya hifadhi, na biashara ya kimataifa ya karibu kaktasi zote inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Tena hakuna haja: mmea mmoja uliostawi hutoa vipande vya kugawia korido nzima. Mwombe aliye nacho, panda, na ukishamea mgawie jirani. Likizo ikifika, mwachie anayebaki chuoni, na umwambie wazi kwamba hii ni kaktasi inayokunywa maji.